Mkama Ndume wa Pujini: kesi ya miaka 500 isiyo na hukumu

Kila tunapoyagusa magofu ya Pujini katika kipindi cha historia, simu haziishi kuingia. Wapo wanaopiga kutoka Wete, Micheweni na Mkoani, na wapo wanaopiga kutoka Pujini yenyewe, karibu kabisa na magofu. Swali ni lile lile: ni kweli yule mtu alikuwa akiua watu? Mmoja anataka kujua aliua wangapi. Mwengine anataka kujua aliwauaje. Kipindi kinamalizika, simu bado zinaita.

Muda wa hewani hautoshi kulijibu swali hilo, ndiyo maana tumeandika makala haya. Soma kwa nafasi yako, na kama nyumbani yupo mzee ambaye macho hayamsaidii tena, msomee. Huenda akakuongezea.

Alikuwa nani?

Jina lake linalotajwa katika masimulizi ni Muhammad bin Abdul Rahman. Masimulizi ya Pemba yanamhesabu kuwa Mdiba, na Wadiba wanasemwa kuwa watu waliofika kisiwani kwa njia ya bahari. Aliishi Pujini, upande wa mashariki wa Pemba, kiasi cha kilomita 10 kutoka mji wa Chake Chake. Zama zake ni za miaka ya 1400, na boma lake liliendelea kukaliwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1500.

Ili kumuelewa, kwanza iondoe mikarafuu akilini. Zama hizo Pemba haikuwa na mkarafuu hata mmoja. Karafuu ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1800, na Pemba ikazidi kushika nafasi ya mbele baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuing'oa mikarafuu ya Unguja. Pemba ya Mkama Ndume ilikuwa kisiwa cha mpunga, ng'ombe, minazi na samaki. Mvua ni nyingi, mabonde yana rutuba, na Waarabu walikiita Kisiwa cha Kijani. Chakula cha Pemba kilivuka bahari kwenda miji ya pwani kama Mombasa. Kwa hiyo aliyewatawala wakulima wa Pemba alikuwa ameshika ghala la majirani zake pia.

Zama hizo pwani yetu, kutoka Lamu hadi Kilwa, ilikuwa na miji mingi ya Waislamu iliyojengwa kwa mawe na chokaa. Kila mji ulikuwa na mkubwa wake, na wakubwa hao walifanya biashara, wakaoana, na mara nyengine wakagombana. Mtu wa Pujini alikuwa mmoja wa wakubwa hao.

Jina lililogeuka hati ya mashtaka

Watu hawakumkumbuka kwa jina la Muhammad. Walimkumbuka kwa jina la Mkama Ndume, na jina hilo peke yake ni kesi.

Kila anayefuga anajua kukama. Unamshika ng'ombe chuchu, unabana, unavuta, maziwa yanatoka. Mkama ni mwenye kufanya kazi hiyo. Lakini ng'ombe dume hana maziwa. Ukimkama dume, kinachotoka ni maumivu tu. Ndiyo maana wazee wengi wanalieleza jina hili kuwa ni la mtu aliyewabana wanaume mpaka akawatoa kile wasichokuwa nacho.

Maelezo hayo yanaingia akilini, lakini yasitufanye tufunge mjadala. Neno hili lina maana nyengine bara. Kule Buhaya, na kule Bunyoro nchini Uganda, mtawala huitwa Omukama, na hilo ni jina la heshima. Neno moja kwa mfugaji ni kazi ya zizini, kwa mwengine ni kiti cha enzi. Sisi wa pwani tumelisikia kwa sikio la mfugaji, na kwa karne nyingi tumemhukumu mtu kwa jina lake.

Boma lake

Ukifika Pujini utakuta tuta kubwa la udongo na mawe lililoota miti, linalozunguka eneo pana. Hiyo ndiyo ngome. Ilikuwa na kuta nene, na ilichimbwa njia ya maji kutoka kwenye mikoko ili vyombo vije karibu na boma bahari ikijaa. Ndani yalikuwamo majengo ya mawe, na eneo hilo lina pia magofu ya msikiti na kisima.

Wataalamu wa mambo ya kale wanaiona ngome hii kuwa jambo la pekee. Pemba ina magofu mengine makongwe, kama Ras Mkumbuu na Chwaka ya Tumbe. Huko utakuta misikiti na makaburi ya watu wenye uwezo, lakini hutakuta ngome ya namna ya Pujini. Aliyeijenga alikuwa na jambo la kuhofia, au alitaka wengine wamhofie.

Wengi husema aliwajengea Wareno. Hilo halikai sawa na tarehe. Vasco da Gama alipita katika pwani yetu mwaka 1498, na ujenzi wa Pujini ulianza kabla ya hapo. Basi mtu huyu alijikinga na watu wa karibu zaidi: mji mwengine wa pwani, ukoo mwengine wa hapa hapa Pemba, au wale wale waliomjengea. Ukuta huzuia wa nje wasiingie, na pia huzuia wa ndani wasitoke.

Mashtaka yenyewe

Sasa tuje kwenye yale yanayofanya simu zisiishe.

Shtaka la kwanza ni la mawe. Inasimuliwa kuwa Mkama Ndume aliwalazimisha watu wake wabebe mawe ya kujengea hali wamejitwika kichwani, na wasitembee kwa miguu. Walisota. Walikaa chini na kujikokota kwa makalio, jiwe likiwa juu ya kichwa, mpaka kwenye ukuta. Siku hizi kijana akisema anasota mjini, anakusudia kuwa maisha yamemshinda. Wazee wa Pujini wanaposimulia mawe haya, kusota ni kule kwa ardhini, kwenye mchanga na miba.

Hebu tulipime kama mahakama ingelipima. Mtu anayetaka ukuta uishe haraka hawezi kuwasotesha wabebaji wake. Kazi ya siku moja ingekuwa ya wiki. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba kisa hiki hakielezi namna ukuta ulivyojengwa. Kinaeleza namna wajenzi walivyojiona. Mtu aliyedhalilishwa hasemi nilibeba mawe mazito. Husema nilifanywa mnyama. Masimulizi yanaweza kukosea katika tendo na yakawa sahihi katika uchungu.

Shtaka la pili ni la nyumbani kwake. Alikuwa na wake wawili ambao, inasimuliwa, hawakuweza kuonana kwa sababu ya wivu. Kisima kilitengwa kwa ukuta kati. Mke mmoja alishuka kwa ngazi mpaka kwenye maji. Wa pili alibaki juu akavuta kwa ndoo na kamba. Wote wawili walichota maji yale yale na hawakuonana sura. Watu hucheka wakisikia kisa hiki, na wanaume wa mitala hutaniwa nacho. Lakini kitazame upande wa wanawake wale wawili. Majina yao hayasemwi. Tunaujua wivu wao, tunaijua ndoo ya mmoja na ngazi ya mwengine, na basi.

Mashtaka mengine yaliongezeka njiani. Kila kizazi huweka chake. Aliyesimuliwa kuwa mkali, mjukuu wake humsimulia kuwa muuaji, na kitukuu huongeza idadi. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo tulitishwa kwa jina hili ili turudi nyumbani kabla ya magharibi. Hakuna aliyetuambia Mkama Ndume alifanya nini hasa. Haikuhitajika.

Ushahidi wa ardhini

Mwaka 1920, F. B. Pearce, ambaye alikuwa Mkaazi wa Kiingereza Zanzibar, alitoa kitabu kuhusu visiwa hivi na ndani yake akaandika habari za Pujini na mtawala wake. Kupitia maandishi kama hayo, masimulizi ya mdomo yakapata kukaa kwenye karatasi, na wageni wakaanza kumjua Mkama Ndume kama dhalimu kabla hawajaliona boma lake.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Adria LaViolette, aliongoza uchimbaji Pujini na sehemu nyengine za Pemba. Uchimbaji wa namna hii hausikilizi jina la mtu wala hadithi yake. Unatazama tabaka za udongo, vigae vya vyungu, misingi ya kuta na mabaki ya chakula. Kwa njia hiyo ndiyo tukapata zama za boma.

Jambo la kushangaza zaidi lilikuwa chini ya ardhi. Kuna chumba kilichojengwa chini, na kwenye ukuta wake kuna sura ya siwa iliyofinyangwa kwa chokaa. Siwa ni pembe kubwa ya kupulizwa, alama ya utawala katika pwani yetu. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu na ya Lamu ni ya shaba, na zote zinatunzwa hadi leo. Mwinyi Mkuu wa Unguja naye alikuwa na siwa na ngoma zake. Siwa haikupulizwa ovyo. Ilipulizwa kwa harusi kubwa, kwa kutawazwa, kwa jambo la mji mzima.

Sasa mtu ambaye tunamjua kama mbabe wa kusotesha watu aliweka alama hiyo mahali pa giza, chini ya ardhi, ambapo watu wachache tu wangeiona. Wataalamu wanakiona chumba hicho kuwa mahali pa ibada au mambo ya mizimu, si ghala wala jela. Na hapo ndipo pia masimulizi ya majini wa Pujini yanapopata nguvu. Wapo waliokuwa wakipeleka sadaka katika magofu haya miaka mingi baada ya boma kuwa pori.

Je, ardhi imetoa ushahidi wa mauaji? Ardhi imetoa ushahidi wa kazi. Tuta lile lilichimbwa kwa mikono. Mawe yale yalitolewa na kubebwa. Chokaa ile ilichomwa kwa kuni nyingi, ikapondwa, ikachanganywa. Mamia ya siku za watu zimo ndani ya ukuta ule. Kama walilipwa, kama walilazimishwa, kama walikuwa watumwa au wakulima waliotoa siku zao badala ya kodi, jiwe halisemi.

Kwa nini hatuchoki?

Pujini si peke yake kwa mvuto wa namna hii. London mwaka 1888, katika mtaa wa kimaskini wa Whitechapel, wanawake waliuawa mmoja baada ya mwengine. Watano ndio wanaohesabiwa zaidi, waliouawa kati ya mwisho wa Agosti na mwanzo wa Novemba. Polisi hawakumpata muuaji. Magazeti yalimpa jina, Jack the Ripper, kutokana na barua iliyotumwa kwa waandishi. Zaidi ya miaka 130 imepita na bado watalii hulipa kutembezwa usiku katika mitaa ile, na bado vitabu vinaandikwa kumtaja huyu au yule kuwa ndiye.

Kesi hizi mbili zinatofautiana sana. Kule maiti zilionekana na muuaji hakuonekana. Hapa kwetu mtuhumiwa anajulikana kwa jina na nyumba yake ipo, lakini waliouawa, kama waliuawa, hawaonekani. Kinachofanana ni sisi wasikilizaji. Kesi isiyo na hukumu haifi. Kila mtu anaweza kuwa hakimu, na hakuna wa kumwambia amekosea.

Karibu zaidi na sisi, Unguja, lipo gofu la kasri la Dunga, lililojengwa kwa Mwinyi Mkuu katikati ya miaka ya 1800. Huko wanasimulia kuwa watumwa walichinjwa na damu yao ikachanganywa na chokaa ili jengo lisimame imara. Kati ya Pujini na Dunga ni karibu karne nne, lakini hadithi ni ndugu. Jumba kubwa linabaki, waliolijenga hawabaki, na wajukuu wanajua bila kuambiwa kuwa jengo la namna ile halikusimama kwa hiari tupu. Damu kwenye chokaa na mawe juu ya vichwa vya wanaosota ni namna ya kulisema hilo.

Hapa ndipo ninapoona tunakosea, na ninajiweka na mimi ndani. Tukiulizana kuhusu Mkama Ndume, tunauliza aliua wangapi. Hatuulizi kina nani walibeba. Kule London mambo yalikuwa hivyo hivyo kwa zaidi ya karne: kila mtu alilijua jina la muuaji ambalo hata si jina lake, na wachache waliwajua Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly. Mwaka 2019 mwanahistoria Hallie Rubenhold aliandika kitabu kizima kuhusu maisha ya wanawake hao watano, walikozaliwa, kazi zao, watoto wao, na akamuacha muuaji pembeni.

Pujini hatuna bahati hiyo ya karatasi. Lakini tuna kitu kimoja ambacho London hawana. Hadithi ya kusota si hadithi ya mtawala. Mtawala asingeisimulia hivyo. Ni maneno ya waliobeba, yaliyopita kwa watoto wao mpaka yakatufikia sisi. Kwa miaka 500 tumekuwa tukisikiliza ushahidi wa upande wa mashtaka, na hatukutambua kuwa mashahidi ni babu zetu.

Mwisho wake

Kifo cha Mkama Ndume hakina kisa kimoja kinachokubaliwa na wote. Kinachoonekana ni kuwa boma halikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1500 meli za Wareno zilikuwa zikizunguka pwani zikidai kodi na kupora waliokataa, na Pemba ilionja moto huo. Katika zama hizo hizo Pujini iliachwa, na mikoko ikairudia njia ya maji.

Jina halikuachwa. Kaskazini mwa kisiwa, katika magofu ya Chwaka, wenyeji wanamtaja Haruni na kumhesabu kuwa wa uzao wa Mkama Ndume. Kwa hiyo ukoo ulisimuliwa kuendelea, lakini ngome kama ile haikujengwa tena.

Ukienda Pujini

Magofu haya yako chini ya ulinzi wa serikali kama sehemu ya kihistoria. Kutoka Chake Chake unafika kwa gari au bodaboda. Ukipenda kuanza mjini, Makumbusho ya Pemba yamo ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake.

Tunakuomba mambo matatu. Kwanza, usiondoe jiwe wala kigae, hata kidogo cha kuonesha wenzako. Jiwe likishaondoka mahali pake, mtaalamu hawezi tena kulisoma, na kesi hii ina mashahidi wachache mno. Pili, tuta ni la udongo, na kila anayelipanda analimomonyoa. Zunguka kwa njia iliyopo, na usishuke kisimani wala chumbani bila ya mwenyeji. Tatu, kama una mzee aliyekulia Pujini au vijiji vya jirani, mkae naye, washa simu yako na umrekodi kwa ridhaa yake. Usimuulize aliua wangapi. Muulize wazee wake walisema walitoa nini: mpunga kiasi gani, siku ngapi za kazi, mawe yalitolewa pwani gani, wanawake walikuwa wakifanya nini wakati wa ujenzi.

Tuletee sauti hizo kituoni. Tutazisikiliza zote, na zile ambazo wenyewe wataridhia tutazirusha katika kipindi kijacho cha historia, muda ule ule wa siku zote. Simu zikiita tena kuuliza idadi ya waliouawa, tutajibu kwa kuwapa kwanza sauti za wazee hao.